Jinsi ya kuomba ukiwa kwenye maumivu mpaka tumaini lianze kurudi: mwongozo kamili wa kutumia zaburi za maombolezo

Nimekaa na watu wengi waliofiwa, wanaougua, walioachwa, waliopoteza kila kitu, na karibu wote wanakwama sehemu moja. Mtu ana maumivu makali, anapiga magoti, anaanza na "Baba nakushukuru kwa yote, najua una makusudi mema", akifika sentensi ya tatu maneno yameisha, anabaki anaangalia ukuta. Kesho yake anajaribu tena, vilevile. Wiki ya pili anaacha, na sasa juu ya maumivu aliyonayo anabeba na hatia, anajiona imani yake ilikuwa feki.

Nilipomzika mdogo wangu na mimi nilikwama hapohapo. Kanisani naimba, nyumbani mdomo haufunguki. Mtu mmoja akaniambia nisilie sana Mungu asije akaona simwamini, na mimi nikameza hayo maneno miezi mingi, yaliniumiza kuliko anavyojua.

Tatizo sio imani. Tatizo ni kwamba tunaanzia mwisho. Kati ya zaburi zote 150 za kwenye Biblia, karibu theluthi moja ni za mtu anayelia, analalamika, anauliza maswali magumu, yaani Mungu mwenyewe ametuwekea maneno ya kumwambia siku mbaya, alafu sisi tunayaruka tunakimbilia Zaburi ya 23 na ya 91 tu. Huu mwongozo unakupitisha kwenye ile njia tunayoiruka. Fanya kwa mpangilio, usichanganye hatua, maana mpangilio ndo dawa yenyewe.

## Vitu vya kuandaa

- Biblia ya karatasi kama unayo. Ya kwenye simu inafaa, ila zima data kwanza, meseji moja tu ya "pole jamani, ilikuwaje?" inatosha kuharibu kila kitu.
- Daftari ambalo hakuna mtu mwingine atalisoma. Hii usiidharau. Ukiandika huku unawaza nani ataona, utaandika uongo mzuri.
- Kalamu.
- Dakika 20, sio zaidi kwa siku za kwanza.
- Mahali unapoweza kulia kwa sauti bila kujieleza kwa mtu.
- Jina la mtu mmoja unayemwamini. Liandike ukurasa wa mwisho wa daftari, tutalihitaji hatua ya 7.

Imani kubwa haipo kwenye hii listi. Ukiwa na kiasi cha kukufanya ukae chini ufungue Biblia, inatosha kuanzia.

## Kabla ya chochote, soma hapa

Kama unawaza kujiua, au umeshaanza kupanga namna ya kujidhuru, usianze hatua ya 1. Mwambie mtu leo, sasa hivi, alafu nenda hospitali au piga namba ya dharura ya mahali ulipo. Kufanya hivyo sio kukosa imani. Eliya, Yona na Ayubu wote walifika mahali wakatamani kufa na Mungu hakumfukuza hata mmoja, ila Eliya hakuachwa bila kuhudumiwa na wewe usikae peke yako.

Kama maumivu yako yanatokana na mtu anayekupiga au kukunyanyasa, kutoka hapo ulipo ni jambo la kwanza, maombi yatakufuata huko salama. Daudi alimkimbia Sauli. Hakubaki akisubiri mkuki umpate ndo aonekane mvumilivu.

Na kama unatumia dawa, za presha, za msongo wa mawazo, za chochote, endelea nazo. Hakuna hatua yoyote humu inayokuambia uache dozi.

## Hatua ya 1: Kula, lala, alafu ndo uombe

Fungua 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia jangwani, amekaa chini ya mti, anamwambia Mungu aitwae roho yake, amechoka. Angalia Mungu anafanya nini. Hamhubirii. Malaika anamgusa anamwambia ainuke ale, kuna mkate uliookwa juu ya makaa na maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile, anamwambia safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo ya maana yanakuja baadaye kabisa, kule Horebu, mlima wa Mungu.

Kwa hiyo kama hujala tangu jana, kula kwanza. Kama ni saa nane usiku na hujalala siku mbili, lala au angalau jinyooshe, daftari halikimbii. Mwili uliochoka unakudanganya, unakuambia Mungu ameondoka kumbe ni njaa na usingizi.

Tahadhari: usigeuze huzuni yako kuwa mfungo. Watu wengi kwenye msiba hawali alafu wanasema wamefunga. Kufunga ni kitu unachoamua ukiwa na nguvu, hiki ni kingine.

Utajua umefanikiwa ukiweza kukaa dakika 20 bila kichwa kuzunguka. Basi, twende mbele.

## Hatua ya 2: Taja maumivu kwa jina lake, sentensi moja

Andika sentensi moja inayosema kitu gani hasa kimetokea. Sio "napitia magumu", hiyo haisemi kitu, hayo ni maneno ya kuwajibu watu mlangoni. Andika "Mtoto wangu amefariki na mimi ndo nilikuwa nimechelewa kumpeleka". Andika "Mume wangu ameondoka na sijui nitawaambia nini watoto". Andika "Nimeomba kazi miaka mitatu na nimeanza kukuchukia Mungu".

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba maumivu hayafanani na zaburi hazifanani. Ukitaja vizuri utajua ufungue wapi:

- Umesalitiwa na mtu wa karibu, nenda Zaburi 55. Huyu anasema angekuwa adui angevumilia, ila ni rafiki, mtu waliyekuwa wanaenda naye pamoja nyumbani kwa Mungu.
- Unaugua na usiku hauishi, Zaburi 6, huyu kitanda chake kimelowa machozi.
- Kosa ni lako mwenyewe, Zaburi 51. Hapa usilalamike, tubu. Ukichanganya hizi mbili utazunguka palepale.
- Unaona wabaya wananenepa na wewe mwaminifu unateseka, Zaburi 73.
- Unazeeka na unaona watu wanakusahau, Zaburi 71.
- Unajisikia mtupu, humsikii Mungu, unakumbuka enzi ulizokuwa na furaha kanisani, Zaburi 42 na 43, zisome pamoja.
- Hakuna mwanga wowote, Zaburi 88. Tutairudia hii.
- Hujui uweke wapi, tumia Zaburi 13. Ina mistari sita tu na ndo tutakayoitumia kama mfano hapa.

Tahadhari: ukishindwa kuandika ile sentensi kwa sababu mkono unagoma, usijilazimishe. Hana kule 1 Samweli 1 midomo ilicheza tu sauti haikutoka, mpaka kuhani akadhani amelewa, na bado yeye mwenyewe anasema alikuwa ameimimina roho yake mbele za BWANA. Andika neno moja tu. Jina la aliyekufa, kwa mfano.

Utajua umefanikiwa kama sentensi yako inakuogopesha kidogo kuisoma.

## Hatua ya 3: Soma zaburi kwa sauti mara mbili, alafu ikate vipande

Kwa sauti, sio kwa macho. Ukisoma kwa macho akili inateleza, ukisikia sauti yako mwenyewe ikisema "hata lini" kuna kitu kinafunguka, sijui kukueleza zaidi ya hapo, jaribu utaona.

Mara ya kwanza soma tu. Mara ya pili weka mistari ya kalamu inayoikata Zaburi 13 vipande vitatu:

1. Mstari wa 1 na 2: lalamiko. Hapa anauliza.
2. Mstari wa 3 na 4: ombi. Hapa anataka kitu.
3. Mstari wa 5 na 6: tumaini. Hapa anageuka.

Huo mpangilio utaukuta kwenye zaburi nyingi za kilio, zingine zinarudia mzunguko mara mbili tatu, zingine zinachanganya, ila mifupa ni hiyo. Sasa angalia sisi tulivyozoea kuomba: tunaanza na tatu, tunagusa mbili kidogo, moja hatuigusi kabisa. Ndo maana maneno yanaisha.

## Hatua ya 4: Andika lalamiko lako, "hata lini" nne

Hii ndo hatua ngumu na ndo wengi wanaikimbia, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Hesabu kwenye mstari wa 1 na 2, neno "hata lini" limetokea mara nne. Na hazielekei sehemu moja. Mbili za kwanza zinamwelekea Mungu: utanisahau mpaka lini, utanificha uso wako mpaka lini. Ya tatu inaelekea ndani: nihuzunike moyoni mchana kutwa mpaka lini. Ya nne inaelekea nje: adui yangu atukuke juu yangu mpaka lini.

Na wewe andika nne kwa mpangilio huohuo. Mbili kwa Mungu, moja kuhusu kinachoendelea ndani yako, moja kuhusu kitu au mtu anayekuumiza. Mfano wa mtu anayeuguza mzazi:

*Hata lini, Bwana, nitakuita na wewe umenyamaza?*
*Hata lini utamwangalia mama anaumia hivi na wewe una uwezo wa kumponya?*
*Hata lini nitaamka usiku kila saa kusikiliza kama bado anapumua?*
*Hata lini ndugu zangu watapiga simu kuuliza tu na hakuna anayekuja kunipokea hata siku moja?*

Ile ya pili ndo watu wanaifuta. Wanaandika alafu wanaogopa, wanaandika juu yake "lakini najua wewe ni mwema". Usifute. Kumwambia Mungu kwamba humwelewi bado ni kuongea na Mungu. Anayekufa kiimani mara nyingi sio yule anayelia kwa sauti, ni yule aliyenyamaza kwa adabu mpaka siku moja akagundua hana tena cha kumwambia.

Kama unaogopa, angalia kitabu cha Ayubu. Sura nyingi Ayubu analalamika, sura ya 3 nzima analaani siku aliyozaliwa, marafiki zake ndo wanamtetea Mungu kwa maneno mazuri mazuri. Mwishoni, sura ya 42 mstari wa 7, Mungu anawakasirikia wale marafiki, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Kweli Mungu alimuuliza Ayubu maswali mazito sana na Ayubu akafunga mdomo akatubu kwa kusema asiyoyafahamu, lakini bado ndiye aliyeambiwa amenena sawa. Soma mara mbili hapo.

Na Bwana Yesu mwenyewe pale msalabani alichukua mstari wa kwanza wa Zaburi 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Akausema kwa sauti kuu, watu wakisikia. Waebrania 5:7 inasema alitoa maombi kwa kulia sana na machozi. Kama Mwana alilia, wewe nani kakukataza?

Sasa kuhusu hasira kwa watu. Kuna zaburi zinaomba mabaya yawapate maadui, kama ya 109, na ukizisoma zinatisha. Ninavyozielewa mimi, yule mtu anachukua kisasi chake chote anakimwaga mbele ya Mungu badala ya kukipeleka mlangoni kwa mwenzake. Kwa hiyo andika hasira yako yote daftarini, mpe Mungu, alafu usitume hiyo meseji unayoifikiria.

Tahadhari mbili. Moja, usiandike kwa lugha ya maombi ya hadhara, andika unavyoongea. Pili, lalamiko liwe *kwa* Mungu. Israeli walipokuwa jangwani walinung'unika hemani mwao, wao kwa wao, wakimsema Mungu kama mtu asiyekuwepo, ndo maana ilihesabika vibaya. Mwenye zaburi anasema "wewe". Ukigundua umeandika "Mungu hanipendi", ibadilishe iwe "mbona hunipendi?" Ni badiliko dogo la maneno ila linakugeuza uso.

Utajua umefanikiwa ukilia, au ukikasirika, au ukihisi umetua mzigo kidogo. Wengine hawahisi kitu siku ya kwanza, na ni sawa, kama ulichoandika ni kweli hatua imekamilika.

## Hatua ya 5: Omba kitu kimoja, kwa uwazi

Mwenye Zaburi 13 anaomba aangaliwe, aitikiwe, macho yake yatiwe nuru asije akalala usingizi wa mauti. Ni ombi la mtu anayejua hali yake.

Andika ombi moja kubwa na moja la leo. Kubwa: "Mponye mama". La leo: "Nipe kulala saa nne mfululizo usiku huu". Watu wanasahau la leo, wanaona ni dogo mno kumsumbua Mungu, kumbe tumaini mara nyingi linarudi kupitia hapo, kwenye vitu vidogo unavyoweza kuviona vikijibiwa kabla jua halijazama.

Alafu kuna hii tabia ya kuanza na "mapenzi yako yatimizwe" kabla hujaomba chochote. Naielewa, ni njia ya kujikinga tusije tukaumia tukikataliwa. Lakini angalia Gethsemane, Marko 14:36. Yesu kwanza anasema yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki. Anaomba kabisa kile anachokitaka. *Alafu* ndo anasema walakini sio kama nitakavyo mimi. Ukiruka sehemu ya kwanza, ile ya pili inakuwa kukata tamaa kulikovaa nguo za unyenyekevu.

Tahadhari: usimwekee Mungu biashara, "ukimponya nitatoa hiki na hiki". Ikienda tofauti utabaki na msiba na deni. Na akija mtu anakuambia utoe pesa ndo maombi yako yafanye kazi, ondoka hapo.

## Hatua ya 6: Geuka, kwa kumbukumbu sio kwa hisia

Mstari wa 5 wa Zaburi 13 unasema "Nami nimezitumainia fadhili zako". Jiulize, kati ya mstari wa 4 na wa 5 kimebadilika nini? Adui bado yupo. Hakuna malaika aliyetokea. Kilichobadilika ni anakoangalia.

Na anageukaje? Maombolezo sura ya 3 inaonyesha vizuri zaidi. Mistari 20 mfululizo ni giza, anasema Mungu amemzungushia ukuta, amemvunja meno kwa changarawe. Alafu mstari wa 21: "Najikumbusha neno hili, kwa hiyo nina matumaini". Ndo unakuja ule tunaoupenda, kwamba ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii. Huyo mtu hakusubiri ajisikie vizuri. Alijikumbusha kwa makusudi, mji wake ukiwa umeshabomolewa.

Kwa hiyo chora mstari chini ya ombi lako, alafu andika vitu vitatu:

1. Kitu kimoja Mungu alichokufanyia zamani ambacho hakuna mtu anaweza kukubishia. Kiwe na mahali na wakati.
2. Kitu kimoja alichofanya kwenye Biblia kwa mtu mwenye hali kama yako.
3. Kaburi tupu. Hii iandike kila siku, hata kama namba moja na mbili zimekataa.

Namba tatu naisisitiza kwa sababu tumaini la Mkristo halijasimama kwenye uwezekano wa mambo kuwa sawa mwezi ujao. Mengine hayatakuwa sawa hapa duniani. Mdogo wangu hakurudi. Limesimama kwenye kitu kilichokwisha kutokea, kwamba Kristo alikufa kweli na akafufuka kweli, na aliyefufuka alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu, makovu bado yapo. Yaani mateso yake hayakufutwa kama hayakutokea, ila hayakuwa na neno la mwisho. Na ahadi ya Ufunuo 21:4 ni kwamba atafuta kila chozi, na huwezi kufuta chozi bila kumkaribia mtu usoni.

### Mistari miwili ya kutumia kwa uangalifu hapa

Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani na tumaini siku zenu za mwisho. Ni wa kweli na ni mzuri, ila soma mstari wa 10 kwanza, waliandikiwa watu walioko uhamishoni Babeli na wanaambiwa ni miaka 70. Wengi waliousikia walizeeka na kufa hukohuko, na huku wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe. Ukiuchukua kama ahadi ya wiki ijayo utakuvunja moyo, ukiuchukua kama walivyopewa wao utakubeba miaka.

Warumi 8:28, mambo yote hufanya kazi pamoja kwa mema. Haisemi kila jambo ni jema. Kifo kinaitwa adui kwenye 1 Wakorintho 15:26, kwa hiyo usijilazimishe kukiita baraka. Na mistari miwili tu juu yake, wa 26, Paulo amesema hatujui kuomba jinsi itupasavyo na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Ukiuchukua wa 28 chukua na huo.

### Na kama mgeuko haujaja?

Basi funga daftari. Sijasema kwa wepesi. Zaburi 88 inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, inaendelea kulia, na inaisha gizani, haina mstari wa furaha mwishoni. Na bado imo kwenye Biblia. Kwangu hiyo ndo zaburi iliyonirudisha, usiku mmoja niliisoma nikitegemea mwisho mzuri, haukuwepo, nikalia sana maana nilijua sasa mtu mwingine alishawahi kumaliza maombi hivi na Mungu akayapokea. Siku ambayo hatua ya 6 imekataa, soma 88 kama ilivyo, sema amina, lala.

Tahadhari: usiandike shukrani usiyoiamini ili tu ukurasa uishe vizuri.

Utajua umefanikiwa ukiona unaweza kufanya kitu kinachofuata, kuoga, kupika, kujibu simu moja. Tumaini mwanzoni halina furaha nyingi, linakupa tu nguvu ya kusimama.

## Hatua ya 7: Mpelekee yule mtu mmoja

Rudi ukurasa wa mwisho kwenye lile jina. Yesu Gethsemane alikuwa na wanafunzi wengi, akachukua watatu, akawaambia roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa mkeshe. Alihitaji watu karibu, na wao wakalala. Kwa hiyo hata ukichagua vizuri wanaweza kukuangusha, bado tafuta.

Tatizo watu hawajui waombe nini, wanasema "niombee tu". Mwambie wazi. Unaweza kutuma meseji hivi: "Nina hali ngumu. Sihitaji ushauri kwa sasa. Naomba uje ukae na mimi saa moja, nikusomee kitu nilichoandika, ukimaliza kusikiliza tuombe." Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, hapo walikuwa sahihi kabisa, walikosea walipoanza kueleza sababu.

Ukiona mtu anaanza kutafuta dhambi yako iliyosababisha, au anakuharakisha upone, mshukuru na utafute mwingine. Mchungaji, mzee wa kanisa, mama mmoja mkimya anayekaa nyuma, hao wakimya saa ingine ndo wamepita kwenye moto. Na kama huzuni imekaa miezi, huli, hulali, kazi huwezi, mwone daktari au mshauri wa kitaalamu pamoja na maombi.

## Hatua ya 8: Andika tarehe, na kesho rudia hata kwa maneno yaleyale

Pembeni ya zaburi uliyotumia, kwenye Biblia yenyewe, andika tarehe ya leo kwa kalamu. Alafu kesho rudi.

Wengi wanaacha kwa sababu wanaona wanarudia. Lakini Mathayo 26:44 inasema Yesu aliomba mara ya tatu akisema maneno yaleyale. Paulo aliomba mara tatu "mwiba" wake uondoke, yaani mateso ya mwilini aliyokuwa nayo, na jibu alilopata ni "neema yangu yakutosha", mwiba ukabaki. Eliya kule Horebu aliulizwa mara mbili anafanya nini hapo na akatoa jibu lilelile neno kwa neno, na Mungu hakumwambia "hilo ulishasema".

Siku saba za kwanza kaa na zaburi moja. Wiki ya pili andika "hata lini" zako upya bila kuangalia za zamani, alafu linganisha. Mara nyingi utakuta moja kati ya zile nne imebadilika, labda ile ya ndani imelegea na ile ya adui bado kali. Hiyo inayobadilika ifuatilie, andika kwa nini.

Ukikosa siku mbili au tatu usianze kujilipiza kwa kusoma zaburi kumi kwa mkupuo. Rudi tu kwenye hatua ya 1, uangalie kama umekula.

Kwangu Zaburi 88 sasa ina tarehe nyingi pembeni mpaka nafasi imeisha, zingine nilizoandika mkono ukitetemeka. Mwaka jana nilikaa na dada mmoja aliyefiwa na mumewe, hakutaka kuongea, nikamfungulia pale nikamuonyesha zile tarehe. Akazisoma moja moja kwa kidole, alafu akaniomba kalamu.